Amir Timur na sataranji ya twiga na ngamia

Leo naomba niache kidogo habari za siasa nizungumzie mchezo, na naomba usilitupe gazeti kabla hujafika mwisho, kwani ndani ya mchezo huu imo historia yetu Waislamu na imo damu ya watu wengi.

Hapa Singida mjini kuna vijana ambao baada ya swala ya Alasiri hukaa kibarazani wakacheza drafti kwa vizibo vya soda, kama wafanyavyo vijana wa kila mji. Siku hizi wamepata ubao wa sataranji, mchezo ambao wengi tunauita chesi. Ubao wenyewe ni wa mtumba na kete zake nyingi zilikwisha kupotea, hivyo vijana wakaanza kuziba mapengo. Vizibo vikawa askari. Mahali pa kete kubwa zilizokosekana wakaweka twiga na ngamia wa mbao, wale wa kuchonga wanaouziwa watalii. Na kwa kuwa twiga hamo katika kanuni za chesi, wakakaa kitako wakamtungia mwendo wake.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana akawapitia, akasikitika. Hoja yake ilikuwa kwamba mchezo wenyewe una utata katika dini, na sasa wameuongezea sanamu za wanyama na mambo ya kubuni. Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, akimwita Babu, kuwa twiga huyo hawakumzua wao. Alikuwamo kwenye ubao wa Amir Timur, shujaa mkubwa wa Kiislamu aliyeitetemesha dunia. Mabishano yakakua, na kwa kuwa wananijua kuwa ni mtu wa kupekua vitabu, pande zote mbili zikanigeukia mimi.

Kijana yule alisema kweli nusu. Twiga alikuwamo. Hilo la ushujaa wa Kiislamu ndilo linalohitaji kutazamwa vizuri, na haliwezi kutazamwa bila kuyapitia maisha ya mtu mwenyewe.

Timur, kwa hesabu iliyozoeleka, alizaliwa mwaka 1336 karibu na mji wa Kesh, ambao leo unaitwa Shahrisabz na umo ndani ya nchi ya Uzbekistan. Ukoo wake ulikuwa wa kabila la Barlas, watu wenye asili ya Kimongolia ambao kufikia wakati huo walikuwa wamekuwa Waturuki kwa lugha na Waislamu kwa dini. Ujana wake haukuwa wa darasani. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha wapanda farasi, leo anamtumikia mtawala huyu, kesho yule, na keshokutwa anapigana nao wote wawili. Katika mojawapo ya mapigano hayo, miaka ya 1360, alijeruhiwa mguu wa kulia na mkono wa kulia, akabaki kilema maisha yake yote. Waajemi wakamwita Timur-i Lang, yaani Timur kiguru, na Wazungu kwa kulivunjavunja jina hilo wakapata Tamerlane. Si jina la kusingiziwa. Mwezi Juni 1941 mtaalamu wa Kisovieti, Mikhail Gerasimov, alifungua kaburi lake kule Samarkand akaikuta mifupa ya mguu na mkono wa kulia ikiwa na athari za majeraha hayo.

Mwaka 1370 aliwashinda wapinzani wake na kuwa mtawala wa Samarkand na nchi zake. Lakini kulikuwa na tatizo. Katika desturi ya watu wale hakuna aliyeweza kuitwa Khan isipokuwa awe wa kizazi cha Genghis Khan, na Timur hakuwa. Alichofanya ni kumweka kwenye kiti mtu wa kizazi hicho awe Khan wa jina, yeye akajiita Amir tu. Akamuoa na Saray Mulk Khanum, binti wa ukoo huo wa kifalme, akajipatia cheo cha Gurgan, maana yake mkwe. Kwa lugha ya sataranji, mfalme alikuwa ubaoni lakini mkono uliokuwa ukisogeza kete ulikuwa wa Timur.

Tunayajua mengi ya mtu huyu kupitia kwa adui yake, na hili naomba msomaji ulishike. Mwandishi mmoja aliyeueleza mchezo wa Timur anaitwa Ahmad Ibn Arabshah, mzaliwa wa Damascus, mwaka 1389. Timur alipoiteka Damascus mwaka 1401, Ibn Arabshah alikuwa mtoto wa miaka kama 12. Alichukuliwa yeye na mama yake na nduguze wakapelekwa Samarkand, safari ya maelfu ya kilomita. Huko alisoma, akajifunza Kiajemi na Kituruki, na alipokuwa mtu mzima akaandika kwa Kiarabu kitabu cha maisha ya Timur kiitwacho Ajaib al-Maqdur. Kitabu kimejaa laana. Lakini kuelekea mwisho anaweka sehemu nzima ya sifa za mtu yule yule anayemlaani: akili yake, kumbukumbu yake kali pamoja na kwamba hakujua kusoma wala kuandika, jinsi alivyosomewa vitabu vya historia kila siku hata akawa anamsahihisha msomaji akikosea. Na humo ndimo inamopatikana habari ya sataranji. Waandishi wetu wa leo, ambao wakimchukia mtu hawamwachii hata jina lake, wangefaidika kumsoma Ibn Arabshah.

Anasema kuwa Timur alicheza sataranji bila kuchoka ili kuinoa akili yake, lakini ile ya kawaida aliiona ndogo. Yeye alicheza sataranji kubwa.

Kabla sijaieleza, yafaa tukumbushane ile ndogo ilitoka wapi. Mchezo ulizaliwa India, ukiwa mfano wa jeshi la vikosi vinne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Ukaingia Uajemi, na Waislamu walipoifungua Uajemi katika karne ya 7 wakaupokea, wakauita shatranji, nasi Waswahili tukasema sataranji. Baghdad ikawa na mabingwa walioandika vitabu juu yake, mmojawapo Abu Bakr as-Suli aliyefariki mwaka 946. Kupitia Andalusia na Sicily mchezo ukafika Ulaya. Kule ndiko ulikobadilishwa. Pembeni ya mfalme alikuwa anakaa firzani, mshauri wa kiume, aendaye chumba kimoja tu kimshazari. Wazungu wakamfanya mwanamke, malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 wakampa nguvu kuliko kete zote. Tembo, Waingereza wakamgeuza askofu. Warusi hadi leo humwita tembo. Kwa hiyo anayedai kuwa kete za chesi ndizo zile zile tangu mwanzo, na kwamba kuingiza mnyama mwingine ni kuuharibu mchezo, na aulize kwanza askofu aliingiaje.

Sasa ile kubwa. Ubao wa sataranji ya kawaida una vyumba 64, nane kwa nane. Ubao wa Timur ulikuwa na vyumba 11 kwa upana na 10 kwa urefu, jumla 110, na juu ya hivyo kulikuwa na chumba kimoja kilichochomoza kila upande, kama boma nje ya mji, ikawa 112. Kila mchezaji alikuwa na kete 28 badala ya 16. Mfalme alikuwapo, rukhu wawili waliokuwapo ndio hawa tunaowaita ngome, na farasi na tembo kama kawaida. Mfalme alikuwa na washauri wawili: firzani aendaye hatua moja kimshazari, na waziri aendaye hatua moja kwa kunyooka.

Wageni ndio hawa. Kwanza ngamia. Farasi tunayemjua huruka vyumba viwili kwa kunyooka na kimoja kando. Ngamia huruka vitatu na kimoja. Ukimjaribu kwenye ubao wa rangi mbili kama wa leo utagundua jambo la kuchekesha, kwamba ngamia hatoki kamwe kwenye rangi aliyoanzia. Pili dababa, mtambo wa vita wa kubomolea kuta, ambao huruka vyumba viwili kwa kunyooka. Tatu talia, yaani askari wa doria, aendaye kimshazari umbali wowote njia ikiwa wazi, ila haruhusiwi kusimama kwenye chumba cha kwanza. Ni lazima aende angalau viwili, kwani mpelelezi asiyetoka nje ya kambi hana faida.

Na nne ni twiga mwenyewe, zarafa kwa Kiarabu. Huanza kwa hatua moja ya mshazari, kisha hunyoosha shingo, akaenda kwa mstari mmoja vyumba visivyopungua vitatu. Lakini haruki. Kete yoyote ikiwa katikati ya njia yake, safari imekwisha. Nimemweka mezani kwangu mara nyingi nikamsogeza. Akiwa karibu na adui hana madhara yoyote, unaweza kusimama miguuni pake ukamcheka. Akiwa mbali, na uwanja ukiwa mweupe, anakufikia kutoka mahali usipopatazamia. Aliyemtunga alimjua mnyama huyu. Sisi ambao twiga ni nembo ya taifa letu, na ambao kwa miaka mingi tuliinua noti juani tukitafuta kichwa chake ndani ya karatasi, hatukuwahi kuambiwa kuwa alikuwa na kiti kwenye ubao wa wafalme zaidi ya miaka 600 iliyopita. (Tungeutunga mchezo huu sisi watu wa Singida, nadhani tungeanza na punda.)

Askari nao walikuwa na utaratibu wa pekee. Katika chesi ya leo askari wote ni sawa, na akifika mwisho wa ubao huwa chochote unachotaka. Kwa Timur kila askari alikuwa na bwana wake: askari wa twiga akifika mwisho huwa twiga, askari wa ngamia huwa ngamia, askari wa mfalme huwa mwana wa mfalme. Na kulikuwa na mmoja aliyeitwa askari wa maaskari. Huyu akifika mwisho hapati kitu. Anakaa pale pale, haliki, mpaka bwana wake amrudishe uwanjani mahali anapoweza kumbana adui. Akifika mara ya pili hurudishwa alikoanzia askari wa mfalme. Akifika mara ya tatu ndipo huwa mfalme. Timur, aliyekuwa mkuu wa kikundi cha wapanda farasi, kisha kilema, kisha Amir, sidhani kama aliisogeza kete hiyo bila kujiona.

Na lile boma la pembeni lilikuwa na kazi moja kubwa. Mfalme aliyezidiwa akiwahi kuingia katika boma la mpinzani wake, mchezo ulikuwa sare.

Bingwa wa mchezo katika baraza la Timur hakuwa Timur. Aliitwa Alauddin at-Tabrizi, maarufu kama Ali ash-Shatranji. Ibn Arabshah anamweleza kuwa alikuwa mwanafiqhi na mtu wa hadithi, na kwamba aliwapa mabingwa wengine wa Samarkand kete za bure kabla ya kuanza, kisha akawafunga. Mpinzani alifikiri kwa muda mrefu, na akishasogeza tu, Ali hujibu papo hapo kama aliyekuwa akisubiri. Aliweza kucheza na watu wawili kwa wakati mmoja bila kuutazama ubao. Nyumbani kwake Ibn Arabshah aliona ubao wa mviringo na ubao mrefu, maana kumbe hata hiyo kubwa haikuwa aina pekee. Timur alicheza naye na alimkubali waziwazi kuwa katika sataranji hana wa kufanana naye, kama yeye Timur alivyojiona hana wa kufanana naye katika utawala. Kwa mtawala wa aina ile, kufungwa na raia wake na kumwacha na kichwa chake si jambo dogo.

Hapa ndipo mzee wetu atauliza: mwanafiqhi na sataranji wapi na wapi? Mimi si mufti, na masuala ya halali na haramu wanayo wenyewe masheikh. Ninachoweza kueleza ni kwamba suala hili ni la zamani na wanazuoni hawakukubaliana. Maimamu Abu Hanifa, Malik na Ahmad wanahesabiwa upande wa waliokataza. Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata wengi hapa Tanzania, hakuuharamisha, aliuona kuwa makruhu, kwa masharti yanayojulikana: pasiwe na kamari, swala isipitwe, na ulimi usichafuke. Ukiingia mmoja kati ya hayo, hakuna tena hitilafu, ni haramu kwa wote. Kwa hiyo kijana anayecheza adhana ikaadhiniwa na asinyanyuke, asimtafute Imam Shafi'i wa kumtetea.

Na kuhusu sanamu mzee ana hoja, tena ya nguvu. Kete nyingi za kale za Waislamu hazikuchongwa kwa sura ya mnyama wala mtu. Ipo seti ya karne ya 12 kutoka Nishapur, Uajemi, ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York. Ni vibonge na vijiti tu, tembo wake hana mkonga na farasi wake hana kichwa cha farasi. Walicheza hivyo hivyo na walielewana. Twiga wa kizibo kilichochorwa alama anatosha kabisa. Mwendo ndio unaomfanya kete kuwa twiga, si shingo.

Turudi kwa Timur. Mapenzi yake kwa mchezo yaliingia hadi nyumbani. Mwaka 1377, anasimulia Ibn Arabshah, alikuwa akicheza na mmoja wa watu wake na akawa amempiga shahi kwa rukhu wake, pigo ambalo Waajemi huliita shah-rukh. Pale pale wakaingia wajumbe wawili, mmoja na habari kuwa amezaliwa mtoto wa kiume, wa pili na habari kuwa mji aliouagiza kando ya mto Sihun umekamilika. Mtoto akaitwa Shahrukh, mji ukaitwa Shahrukhiya. Sijui mtawala mwingine aliyempa mwanawe jina la pigo la mchezo.

Lakini kete za ubaoni hazitoki damu. Hapa ndipo nataka yule kijana anisikilize.

Mwaka 1387 mji wa Isfahan, mji wa Waislamu, uliasi dhidi ya kodi yake na kuwaua wakusanyaji. Timur aliamuru kila kikosi kilete idadi maalumu ya vichwa. Wanahistoria wanataja vichwa 70,000 vilivyopangwa minara kuzunguka mji. Mwaka 1398 aliingia Delhi, iliyotawaliwa na Sultani Mwislamu, akisema anakwenda kuirekebisha dini, na kabla ya vita aliwachinja mateka kwa maelfu ili wasimsumbue nyuma. Kule alikutana na tembo wa kweli wa vita, na inasimuliwa kuwa aliwafukuza kwa kuwatanguliza ngamia waliobebeshwa nyasi zinazowaka moto. Mtu wa sataranji angesema ni hesabu nzuri ya kete. Ngamia hakuulizwa.

Mwishoni mwa 1400 aliiteka Halab huko Syria. Baada ya mauaji aliwakusanya wanazuoni wa mji na kuwauliza swali la mtego: katika watu waliokufa, ni wepi mashahidi, wa upande wake au wa upande wao? Ukisema wako, umeukataa haki mji wako, na ukisema wetu, shingo yako imekwenda. Mwanazuoni mmoja akamjibu kwa hadithi ya Mtume (SAW) aliyeulizwa kuhusu anayepigana kwa ajili ya hamasa na anayepigana ili aonekane, na Mtume akajibu kuwa aliye katika njia ya Allah ni yule anayepigana ili neno la Allah liwe juu. Kwa hiyo kila aliyekufa kwa nia hiyo, wa upande wowote, ndiye. Timur aliipenda sana hoja ile. Mimi kila nikisoma habari hii huona kuwa ule ndio mchezo bora kuliko yote iliyochezwa mbele yake, na aliyecheza hakuwa na kete hata moja.

Kisha Damascus. Sultani Faraj wa Misri alikuwa amekuja kuitetea, lakini aliposikia njama dhidi yake huko Cairo akauacha mji akarudi mbio. Wenye mji walibaki peke yao. Mwanahistoria mkubwa Ibn Khaldun, ambaye alikuwa humo ndani, aliteremshwa ukutani kwa kamba akaenda kuonana na Timur, wakazungumza kwa wiki kadhaa habari za dola na kuanguka kwake. Ibn Khaldun alipata ruhusa ya kuondoka salama. Mji haukupata. Uliporwa, ukachomwa, na moto ukaufikia msikiti wa Bani Umayya. Mafundi wake, wahunzi, wafuma hariri, watengeneza vioo, wakafungwa misafara kupelekwa Samarkand, na katika misafara ya aina hiyo alikuwamo yule mtoto Ibn Arabshah. Kiangazi cha mwaka huo huo wa 1401 ilikuwa zamu ya Baghdad, na minara ya vichwa ikasimama tena.

Mwaka 1402, mwezi Julai, alipigana karibu na Ankara na Sultani Bayazid wa Dola ya Uthmaniya, ambaye wafalme wa Ulaya walikuwa wanamwogopa kuliko radi na aliyekuwa ameuzingira mji wa Constantinople kwa miaka. Bayazid alishindwa, akatekwa, akafia kifungoni mwaka uliofuata. Constantinople ilipata nusu karne ya kupumua, mpaka 1453. Wafalme wa Kikristo walimpelekea Timur barua za pongezi. Kweli mwishoni mwa mwaka ule aliwang'oa mashujaa wa Kikristo kutoka ngome yao ya Izmir, na wanaomtetea hulitaja sana hilo. Mimi nauliza, ukiweka Izmir upande mmoja wa mizani, na Isfahan, Delhi, Halab, Damascus, Baghdad na Ankara upande wa pili, mizani inalala wapi?

Mwaka 1404 alipata zawadi. Sultani Faraj, yule aliyeikimbia Damascus, alitafuta amani, akamtumia wajumbe kutoka Cairo wakiwa na mbuni kadhaa na twiga mmoja hai. Balozi wa mfalme wa Castile, Ruy González de Clavijo, aliyekuwa naye njiani kwenda Samarkand, alikutana na msafara huo mjini Khoy, Uajemi, na kwa kuwa hakuwahi kumwona mnyama wa namna ile aliandika kwa urefu juu ya shingo yake, miguu yake na jinsi anavyoyafikia majani juu ya mti. Twiga yule alitembea kwa miguu yake hadi Samarkand. Mzee wa karibu miaka 70, ambaye macho yake yalikuwa yamedhoofika na ambaye kwa kilema chake ilikuwa lazima abebwe, akaletewa akiwa hai mnyama ambaye sataranji yake kubwa ilikuwa naye wawili kila upande.

Miezi michache baadaye, katikati ya baridi kali, aliondoka na jeshi kwenda kuivamia China. Hakufika. Alifia Otrar, katika Kazakhstan ya leo, Februari 1405, akarudishwa kuzikwa Samarkand katika kaburi linaloitwa Gur-e Amir. Wajukuu na wanawe wakaanza kunyang'anyana mara moja. Mjukuu wake Khalil Sultan aliiwahi Samarkand na hazina yake, akaitapanya, na mwaka 1409 mji ukaingia mikononi mwa Shahrukh, yule mtoto wa pigo la rukhu. Shahrukh hakuwa na tabia ya baba yake. Aliijenga Herat, akakaa na wanazuoni, na mwanawe Ulugh Beg akajenga Samarkand kituo cha kuangalia nyota ambacho wanasayansi wanakisoma hadi leo.

Ibn Arabshah alirudi Damascus akiwa mtu mzima, mwaka 1422, baada ya miaka zaidi ya 20. Alifariki Cairo mwaka 1450. Ile sataranji kubwa haikudumu katika mabaraza, ikabaki kwenye maandishi. Wazo lenyewe halikufa. Katika miaka ya 1920 José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia, alilalamika kuwa chesi inakwisha kwa sababu mabingwa wameizoea mno, akapendekeza ubao mpana zaidi wenye kete mbili mpya. Alikuwa akigonga mlango ambao Samarkand ulishafunguliwa miaka 500 kabla yake.

Na China, ambako Timur alikuwa anakwenda, ilikuwa chini ya mfalme aitwaye Yongle. Mwaka 1415, miaka 10 baada ya kifo cha Otrar, wajumbe kutoka Malindi, mji wa Waislamu wa pwani yetu hii, walifika mbele ya Yongle wakiwa na twiga hai waliyemvusha bahari. Wachina walimchukulia kuwa ndiye qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao za kale, ambaye huonekana tu zama za mtawala mwadilifu, na maofisa wa kasri wakajipanga kumpongeza mfalme wao.